Sisi wa fremu moja tunatafuta kuseviwa, sio kufolowiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kidogo kuhusu haya mambo ya kutangaza biashara ndogo, maana kila nikifungua kurasa za biashara, na hata redioni asubuhi, ushauri ni ule ule, tenga bajeti ya matangazo, tafuta influensa, posti kila siku, jenga brandi. Mimi nina fremu ya udobi huku Segerea, Dar es Salaam, mashine mbili za kufulia, pasi ya mvuke na binti mmoja wa kunisaidia, na nawaambia ukishalipa kodi ya fremu miezi sita mbele, ukalipia leseni, ukapita TRA, ukanunua umeme na sabuni, hiyo bajeti ya matangazo inayobaki ni kama laki moja na nusu na hapo hujala. Sasa kwa laki na nusu influensa gani atakupokea, hata meseji hakujibu.

Kwanza naona wanaotushauri wanachanganya mtu anayeuza bidhaa na mtu anayeuza huduma ya mtaani. Anayeuza viatu Kariakoo akipata mteja wa Songea anafunga mzigo anaupeleka stendi, umeisha. Mimi nikipata mafolowa wa Songea na Arusha ntawafulia nini? Shati kwangu kufua na kunyoosha ni shilingi 1,000. Boda kutoka kule Kinyerezi mpaka kwangu ni 2,000 na kurudi 2,000 nyingine, kwa hiyo mtu wa Kinyerezi hawezi kuja na shati, labda aje na duveti na mapazia ya nyumba nzima, na mtu wa Mbagala ndo kabisa asahau. Ukikaa chini ukapiga hesabu hiyo ya boda unaujua mpaka wa soko lako, ni pale ambapo nauli inaanza kuizidi bei ya kazi yako. Fundi AC mpaka wake uko mbali kidogo kwa sababu kazi moja inampa hela ya maana, kinyozi mpaka wake ni mitaa mitatu. Nje ya huo mpaka laiki ni laiki tu, hazinunui sabuni.

Kuna jamaa hapa jirani alifungua sehemu ya kuoshea magari, siku ya ufunguzi alileta tenti, spika kubwa, MC, soda za bure, vumbi lilitimka hapa mpaka usiku. Watu walijaa kweli, ila ukiangalia vizuri ni watoto wa mtaa na sisi majirani ambao hatuna magari. Wenye magari walipita wanapunguza mwendo wanaangalia kuna nini halafu wanaondoka, na hakuna hata mmoja aliyeombwa namba ya simu. Pampu ya maji ilipokufa baadae hela ya kutengeneza ikawa hakuna. Simcheki, jamaa ni mchapakazi, ila ile hela ya MC ingelipa vijana wawili wa kusimama pale getini kwenye apatimenti za jirani Jumamosi nzima wakisema na wenye magari mmoja mmoja.

Mimi kwa hela yangu ndogo kitu ninachokitafuta ni kimoja tu, namba yangu iseviwe kwenye simu za watu wanaokaa ndani ya huo mzunguko wa boda. Na WhatsApp yenyewe imepangwa hivo hivo. Ile brodkasti, ya kutuma meseji moja kwa watu wengi kwa mpigo, inaingia watu mpaka 256 kwa listi moja, lakini meseji inamfikia yule tu aliyesevu namba yako, ambaye hajakusevu haipati na wala hutaambiwa kwamba hajaipata. Stetasi nayo ni hivo hivo, mpaka wewe umemsevu na yeye amekusevu ndo anaiona. Kwa hiyo unakuta mtu ana namba za watu mia nane alizokusanya kwenye vikao vya harusi na misiba, anatupia ofa zake kila asubuhi, anashangaa wanaoangalia ni watu thelathini na kati ya hao nusu ni mashemeji.

Sasa mtu unamfanyaje akusevu? Ukimwambia tu naomba unisevu unisapoti, ataitikia sawa sawa akiwa anaweka simu mfukoni. Mimi mteja akileta nguo tunazimwaga juu ya meza tunahesabu wote, nazipiga picha zile nguo zilivyo, namtumia hapo hapo WhatsApp akiwa bado kaunta, idadi, bei, siku ya kuchukua, halafu namwambia dada andika Dobi na jina la mtaa, zikiwa tayari ntakujulisha humo humo. Anasevu kwa sababu nguo zake ziko kwangu. Hiyo picha inasaidia na kwenye ule ugomvi wa kifungo, mtu anakuja na moto blauzi yangu ilikuwa na vifungo vyote, unafungua picha mnaangalia pamoja, moto unazima na heshima inabaki. Wateja wangu kadhaa wameniletea wenzao kwa sababu ya ile picha tu, wanasema yule dobi hapotezi nguo.

Jina nalo. Watu wanaziita biashara zao majina marefu ya Kizungu mpaka fundi wa kuandika bango anakuuliza mara mbili unaandikaje, halafu mteja kwenye simu yake anakusevu anavyojua yeye, fundi bomba Kimara, mama vitumbua, kijana wa makochi. Basi jiite hivo tangu mwanzo upunguze kazi, kazi yako na mahali ulipo. Na lipa namba ifanane na hilo jina, maana mtu akiingiza hela likamtokea jina la shemeji yako anasita, siku hizi utapeli umekuwa mwingi na hakuna wa kumlaumu.

Niongee kuhusu maji, maana hapa ndipo biashara yangu iliposimama. Visima vingi vya huku kwetu maji yake yana chumvi, sabuni haitoi povu vizuri na taulo likikauka linakuwa gumu utafikiri gunia. Mashati meupe ndo usiseme. Mimi natumia maji ya bomba ya DAWASA nayahifadhi kwenye tenki, ni gharama ila nguo inatoka tofauti. Ningeweza kuandika kwenye flaya tunatumia maji safi, nani angeamini, kila dobi anaandika hivo. Nilichofanya nilinunua taulo mbili nyeupe zinazofanana, moja tunaifua kwa maji ya kisima kila wiki, nyingine kwa maji yetu, zote zinaning'inia pale kaunta. Simwambii mtu kitu, anashika mwenyewe. Kina mama wakishika ile ya kwanza wanaguna, wakishika ya pili wanageuka wananiuliza duveti mnafua shilingi ngapi. Taulo mbili za mtumba, hela yenyewe sijui kama ilifika hata elfu kumi, na tangazo linaendelea kufanya kazi mpaka leo. Kila huduma naamini ina kitu cha namna hii cha kushikika, fundi wa makochi ana yale maji meusi yanayotoka kwenye kochi la kijivu ambalo mwenye nyumba anaapa ni safi, badala ya kuyamwaga nyuma ya nyumba kimya kimya ayaweke kwenye ndoo nyeupe pale sebuleni mpaka kazi iishe.

Kuhusu ofa, mimi sipendi ile ya punguzo asilimia hamsini kwa wateja wote wiki ya ufunguzi. Wanaokuja wengi ni wawinda ofa, bei ikirudi wanahama, na wewe umechoka umefua bure. Afadhali umpunguzie mtu mmoja ambaye anasimama mbele ya watu wengi. Mimi nilikwenda kwa mwalimu wa kwaya hapa kanisani nikamwambia majoho yenu nayafua na kuyanyoosha kwa bei ya sabuni tu kabla ya Pasaka, ila siku ya kuyachukua kila mwanakwaya aje achukue lake mwenyewe dukani. Hilo sharti ndo lilikuwa muhimu kuliko punguzo lenyewe, manake kila mmoja alifika, akalijua duka, akashika taulo, akaacha namba. Kumi la mwisho la Ramadhani nikafanya hivo hivo kwa kanzu za walimu wa madrasa. Na kumi la mwisho lenyewe nyumba nyingi zinatoa mapazia na mazulia kujiandaa na Idi, kwa hiyo ukiwa umeshajulikana wiki moja kabla unafua mpaka unakosa pa kuanika.

Msimu ni tangazo la bure. Masika yakianza, Machi kuelekea Aprili, siku ya pili ya mvua mfululizo nyumba nzima inanuka unyevu, uniform za watoto zimening'inizwa nyuma ya friji zikauke kwa joto. Siku hiyo ndo natuma meseji, mistari miwili tu, uniform ukileta leo saa kumi kesho asubuhi imekauka, bei hii hapa. Sitaji ubora wa huduma zetu wala hatuna mpinzani. Mwezi mzima wa kiangazi naweza nisitume kitu kabisa, na watu hawanibloki.

Bei nayo naomba iandikwe jamani, huu mtindo wa bei njoo DM unafukuza watu. Mtu ana foleni ya mambo, hana muda wa kukuomba bei kama anaomba mkopo. Kwenye WhatsApp ya biashara kuna sehemu ya katalogi na majibu ya haraka, weka bei zako zote humo, shati hivi, suti hivi, duveti dogo na kubwa, halafu pokea simu. Nasema pokea simu kwa sababu nimewapigia mafundi watatu wa makochi wanaojitangaza kila kona, wawili hawakupokea na hawakurudisha.

Mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019 watu wanautunza mfuko mbadala, wanaenda nao sokoni, wanabebea chakula kazini. Oda ya mtu ikizidi kiasi fulani nguo zake nampa kwenye mfuko mbadala wenye namba yangu, nilichongesha skrini ya kuchapia kwa kijana mmoja Kariakoo, printi tunapiga wenyewe hapa nyuma ya duka kwa wino mmoja mweusi, haijanyooka sana ila inasomeka. Mfuko huo unazunguka hapa hapa Segerea, genge hili na lile, ndani ya mpaka wa boda. Flaya nilizogawa stendi ziliishia chini kwenye matope, nyingine niliziona zimefungia karanga.

Halafu kuna ramani ya Google ambayo watu wa huduma ndogo wanaipuuza na ni bure. Mpangaji mgeni anayehamia apatimenti mpya hamjui mtu, hana wa kumuuliza, anafungua simu anaandika londri karibu yangu. Ukijisajili kwenye Google Business Profile, ile ya zamani ilikuwa inaitwa Google My Business, watakutaka uthibitishe, siku hizi mara nyingi ni kwa video unawaonyesha barabara, bango na ndani ya duka, basi unatokea. Pini iweke sawasawa, sio mtaa wa nyuma, na piga picha ya duka ikiwa na kitu kinachojulikana pembeni, mbuyu, duka la dawa, chochote, kwa sababu anuani za makazi zimewekwa ila bado watu wetu wanaelekezana kwa mbuyu. Kama wewe unawafuata wateja nyumbani, fundi umeme au wa kupuliza dawa ya mende, unaruhusiwa kuficha anuani ukaandika maeneo unayofika. Maoni ya wateja omba siku ile ile mtu anachukua nguo akiwa bado anazinusa, ila usinunue, Google wanakataza kumpa mtu zawadi au punguzo ili aandike sifa, na hata wasingekataza, sifa za kununua zinajulikana, zote zimeandikwa siku moja na zote zinasema best service.

Kulipia matangazo Instagram na Facebook sikatai. Ila yule kijana anayekuja kukwambia nipe elfu hamsini nikubustie muulize kwanza atalenga wapi, akisema Dar es Salaam nzima muonyeshe mlango. Yale matangazo yanakubali kuchora duara la kilomita chache kuzunguka duka, na ukiweka siku tatu nne kabla ya Idi au Krismasi hela ndogo inatosha. Ukilenga jiji zima utakesha unajibu mtu wa Kigamboni mnafika huku? hamfiki.

Kuna mwingine alikuja kuniuzia listi ya namba za simu za watu wa Tabata yote, anasema ntume meseji kwa wingi. Nikamuuliza hao watu wamekupa wewe namba zao? Akacheka. Sasa hivi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na mimi binafsi nikipata meseji ya biashara ya mtu nisiyemjua naiblok bila kuisoma, kwa nini nimfanyie mwenzangu. Grupu za mtaa nazo zina adabu yake, muombe admini, uliza siku ya matangazo, na kabla hujatupia soma kwanza kilichoandikwa juu. Kwenye grupu letu kuna mtu aliweka tunaosha masofa na mazulia kwa bei poa na vimoto moto vitatu, moja kwa moja chini ya tanzia ya mzee wetu wa mtaa. Mpaka leo akipita watu wanaulizana ndo yule?

Watu wa kuongea nao vizuri ni wale ambao matangazo makubwa hayawaoni. Mlinzi wa geti, ambaye kila mpangaji mpya anamuuliza mwenye maji nani, mwenye gesi nani, dobi nani. Dalali wa nyumba. Fundi mapazia, huyu kwangu ni ndugu kabisa, yeye anashona mimi nafua, hatugombani. Na dada wa kazi, huyu usimruke, mama mwenye nyumba anatoa hela lakini anayeamua nguo ziende kwa dobi gani mara nyingi ni dada, na ukimdharau kaunta atasema kule wanachelewesha, imeisha hiyo. Kwa anayeleta mteja mpya natoa shilingi 2,000 mteja akishalipa, wazi wazi, na mteja mwenyewe anajua. Sio rushwa hiyo, ni kamisheni, nafuu mara nyingi kuliko bango.

Na yote haya ningekuwa nabahatisha kama sio daftari. Kila mteja mpya binti anamuuliza umetujuaje, anaandika neno moja, kwaya, mlinzi, ramani, mfuko, jirani. Mwisho wa mwezi nakaa nahesabu. Jirani anaongoza kila mwezi, ramani inafuata na inapanda, flaya zilikuja za mwisho ndo mana sikuchapisha tena. Kwenye kurasa zenu sijawahi kuona mtaalamu anashauri daftari, labda kwa sababu halina kampuni ya kuliuza.

Sasa niseme na wakubwa. Bango la nje unalipia ada kulingana na ukubwa wake, na ukiliweka karibu na barabara kuu uko ndani ya hifadhi, mita 30 kutoka katikati ya barabara, siku yoyote wanakuja na ile X nyekundu ya kubomoa au wanang'oa kabisa. Sawa, sheria ni sheria, barabara lazima ipanuliwe na kila mtu akiweka bango lake hatutaonana. Lakini basi ofisi za serikali za mitaa, ambazo zina ukuta na zina mbao za matangazo zenye karatasi za mkutano wa mwaka juzi, zitenge upande mmoja kwa mafundi na watoa huduma wa mtaa huo huo tu, jina la kazi na namba ya simu, wenye leseni, kwa ada ndogo ya mwezi. Mtendaji anapata chochote kitu, mwananchi anajua fundi bomba wa mtaa wake ni nani na akiharibiwa anajua pa kumpata. Kila mtu anapita pale kutafuta barua ya utambulisho.

Na nyie Mhariri, ukurasa wenu wa matangazo umejaa zabuni na minada ya benki. Rudisheni matangazo madogo madogo, yapangeni kwa kata, laini mbili kila moja, kazi na namba, kwa bei ambayo kinyozi anaweza kulipa. Gazeti lenu linasomwa saluni nzima mpaka na asiyelinunua, halafu linabaki pale wiki mbili. Mkianza wa kwanza kulipia Segerea ni mimi, ila yawekeni Ijumaa, manake Jumamosi ndo siku watu wanakumbuka mapazia.

Wenu msomaji,
Mama Dobi,
Segerea, Dar es Salaam